Mshika Mawili Moja Humponyoka: Kwa Nini Wahandisi Wetu Hurekebisha Jambo Moja kwa Wakati Mmoja

Hebu fungua taarifa ya miamala yako ya mwezi uliopita. Kila mstari una nambari yake ya muamala, tarehe, saa, kiasi na jina la aliyepokea. Nauli ya matatu ya Naivasha iko hapo. Mama wa viazi yuko hapo. Stima, karo, mchango wa chama, vyote viko. Ukiona kitu hukielewi, unajua ni mstari gani wa kuulizia.

Sasa fikiria taarifa hiyo ije na mstari mmoja tu: "Shilingi 48,300 zimetoka kwa sababu mbalimbali." Ungekubali? Tunawajua wateja wetu. Ungetupigia simu kabla hujamaliza kusoma.

Basi hivyo ndivyo mhandisi wa programu anavyojisikia akiletewa badiliko moja kubwa lililobeba mambo kumi ndani yake. Tumeamua kulieleza jambo hili kwa sababu kuna maswali mawili tunayoulizwa karibu kila wiki. La kwanza: "Mbona mmerekebisha ile shida moja na hii nyingine mkaiacha?" La pili: "Mbona apdeti ndogondogo kila mara, si mlete zote pamoja?" Jibu ni moja, na linaanza na kosa letu wenyewe.

Shilingi moja iliyotuaibisha

Kuna wakati wafanyabiashara walituambia kwamba ujumbe wa kuthibitisha malipo unakata majina marefu ya maduka. Mteja analipa, anapokea ujumbe, jina limeishia katikati, anaanza kushuku kwamba ametuma pesa kwa mtu mwingine. Shida ya kweli. Tukampa mhandisi mmoja kazi hiyo.

Aliirekebisha vizuri. Lakini alipokuwa mle ndani akaona vitu vingine havijakaa sawa. Akabadilisha majina ya sehemu kadhaa, akapanga mistari upya, na akaandika upya kipande kidogo kinachogeuza senti za ada ziwe shilingi kamili. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Ni kama fundi uliyemwita azibe bomba la jikoni, akaona nyaya za stima zimelegea, akazigusa pia bila kukuambia.

Kazi yake ikamfikia mkaguzi ikiwa na mistari zaidi ya elfu moja, na kichwa kilichosema: "Kurekebisha majina kwenye ujumbe." Mkaguzi akaangalia sehemu ya majina, ikamridhisha, akapitia yaliyobaki kwa haraka, akapitisha.

Kumbe hesabu ya senti ilikuwa imegeuka. Awali, ada ikitoka shilingi 12 na senti 30, tulikuwa tukikata 12. Baada ya badiliko lile, senti yoyote iliyobaki ilipandishwa hadi shilingi inayofuata, kwa hivyo 12.30 ikawa 13. Hakuna kengele iliyolia. Mfumo haukuanguka. Malipo yaliendelea kama kawaida.

Aliyegundua ni mama mmoja anayeuza viazi na vitunguu hapa jijini Nakuru, ambaye bado huandika kila malipo kwenye daftari. Alituandikia ujumbe mfupi: jana ada ya kiasi hiki ilikuwa 12, leo kwa kiasi kile kile ni 13, nambari za miamala ni hizi hapa, kwa nini?

Kuipata sababu kulituchukua muda mrefu kuliko ilivyofaa, kwa sababu hakuna mtu anayetafuta shida ya ada ndani ya badiliko lenye kichwa cha majina. Na tulipoipata hatukuweza kuiondoa peke yake. Kila kitu kilikuwa bonge moja. Ilibidi tuondoe lote, majina yakaanza kukatwa tena, ndipo tukaandika upya kila jambo kivyake. Kila shilingi iliyozidi tuliirudisha. Lakini shilingi ni rahisi kurudisha kuliko imani. Mtu anayepokea malipo mia mbili kwa siku anaweza kuvumilia kupoteza shilingi mia mbili. Asichoweza kuvumilia ni kutojua kama kesho zitapotea tena.

Badiliko linavyosafiri hadi kwenye simu yako

Ili uone kosa lilipitia wapi, ni vizuri ujue safari yenyewe.

Programu ya simu yako imeandikwa kwa msimbo, yaani maandishi yanayoiambia kompyuta ifanye nini. Watu wengi huandika msimbo huo kwa pamoja, na hawawezi wote kushika kalamu moja. Kwa hivyo hutumia mfumo wa kuhifadhi historia ya kazi. Unaotumika sana duniani ni Git, ambao Linus Torvalds aliuanzisha mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, mfumo endeshi unaoandikwa na maelfu ya watu ambao wengi wao hawajawahi kukutana.

Mhandisi hagusi msimbo mkuu moja kwa moja. Anafungua tawi lake pembeni, kama mtu anayenakili ukurasa wa daftari la chama ajaribu hesabu zake kabla ya kuandika kwenye daftari lenyewe. Akimaliza anahifadhi kazi yake, na Git huipa kila rekodi nambari ndefu ya utambulisho. Hiyo ni ndugu wa nambari ya muamala wako. Ukiwa nayo unaweza kujua nani aliandika, lini, mistari gani, na alisema anafanya nini.

Kisha anatuma ombi la kuunganisha: "Naomba kazi yangu iingie kwenye msimbo mkuu." Mhandisi mwingine huisoma mstari kwa mstari, huuliza maswali, hukataa au hukubali. Ni ile hatua unayoijua wewe ya kuona jina la mpokeaji kabla ya kuweka PIN. Ukishabonyeza, pesa zimeenda. Ukishaunganisha, msimbo uko njiani kuelekea kwenye simu za watu.

Tatizo ni kwamba mkaguzi ni binadamu. Kampuni ya SmartBear ilifanya utafiti na timu ya wahandisi wa Cisco, ikapendekeza mtu asikague zaidi ya mistari 200 hadi 400 kwa mara moja, maana akizidisha hapo uwezo wake wa kuona kasoro hushuka. Mletee mistari kumi, atakuuliza maswali kumi. Mletee mistari elfu moja, atakwambia "iko sawa". Sisi ndivyo tulivyopitisha ile shilingi.

Somo lililokuwa barabara ya Eldoret

Baada ya hapo tulitafuta wanaoifanya kazi hii vizuri. Hatukuhitaji kwenda mbali. Ukitoka Nakuru, ukapita Salgaa, Timboroa na Burnt Forest, unafika Eldoret, na huko kuna mradi ambao kila mhandisi wa Kenya angefaa kuufahamu.

Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot kilicho Nandi, si mbali na Eldoret, watu wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha mfumo wa kompyuta wa kuweka rekodi za wagonjwa. Baadaye mpango wa AMPATH ulianza kutibu watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na idadi yao ilikuwa ikiongezeka haraka. Mfumo ule wa kwanza haungeweza kubeba mzigo huo. Mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wakaanza kusanifu mfumo mwingine, OpenMRS, kwa kushirikiana na Hamish Fraser wa Partners In Health. Mwaka 2006 ulianza kutumika Eldoret, na mwaka huo huo ukaingia Rwanda. Leo KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu yake.

OpenMRS ni programu huria. Mtu yeyote anaweza kusoma msimbo wake na kutuma badiliko, awe mwanafunzi wa Egerton pale Njoro au mhandisi wa Sri Lanka. Sasa fikiria hatari iliyopo. Mtu usiyemjua anabadilisha programu ambayo kesho daktari ataifungua aone mgonjwa anatumia dawa gani. Ada ikikosewa kwa shilingi moja, tunarudisha. Kipimo cha dawa kikikosewa, utarudisha nini?

Hawawezi kumjua kila mchangiaji, kwa hivyo wameweka utaratibu kwenye kazi yenyewe. Kwa kawaida badiliko huwa na tiketi, na kichwa cha ombi hutaja nambari ya tiketi hiyo. Tiketi moja, ombi moja. Ukiona kasoro nyingine njiani, fungua tiketi nyingine. Rekodi zako ndogondogo za kujaribu-jaribu unaziunganisha ziwe moja iliyo safi kabla ya kazi kuingia. Na usipange upya mistari ambayo haihusiani na kazi uliyopewa.

Kwa macho ya haraka sheria hizi zinaonekana kama ukiritimba. Lakini ndizo zinazowezesha mtu aliye Eldoret kukagua kwa uhakika kazi ya mtu ambaye hatawahi kumwona.

Tulichobadilisha sisi

Sheria zetu za sasa ni chache, na tunaziandika hapa ili ujue tunachojidai:

- Tiketi moja, badiliko moja. Likihitaji neno "pia" kwenye kichwa, linagawanywa.
- Kichwa kiseme ukweli wote. Kama msimbo unagusa ada, neno "ada" lazima lionekane, hata kama ni mstari mmoja.
- Maelezo yaeleze kwa nini. Nini kimebadilika, mkaguzi atakiona mwenyewe. Sababu hawezi kuiona.
- Usafi uje peke yake. Kupanga mistari na kubadilisha majina ni kazi halali, lakini haipandi gari moja na hesabu za pesa.
- Jikague kwanza. Kabla ya kumwita mwenzako, soma kazi yako kana kwamba imeandikwa na mtu usiyempenda.
- Kila badiliko lije na majaribio yake. Anayegusa ada aonyeshe kwamba 12.30 bado inatoa 12.

Kuna faida mbili ambazo hatukuzitarajia. Ya kwanza ni kurudisha nyuma. Git ikiondoa badiliko haifuti historia. Inaandika rekodi mpya inayolitengua lile la zamani. Ni kama pesa uliyotuma kimakosa ikirudishwa: mstari wa kwanza unabaki kwenye taarifa, na mstari wa pili unaonyesha imerudi. Badiliko likiwa na jambo moja tu, unatengua hilo moja na mengine hayaguswi.

Ya pili ni kumtafuta mkosaji. Tuseme jana mfumo ulikuwa sawa na leo una kasoro, na katikati kuna mabadiliko 1,000. Git inaweza kukusaidia kuyagawa nusu kwa nusu: unajaribu la katikati, ukiona ni zima unatupa nusu moja, unajaribu tena. Kwa hatua kama 10 umelifikia badiliko lenyewe. Lakini ukilifikia ukute ni bonge la mistari elfu moja, umefika kwenye mlango wa ghala, bado hujaona gunia lililooza.

Lakini udogo peke yake hautoshi

Hapa lazima tuwe wakweli. Badiliko dogo linaweza kuwa na madhara makubwa. Februari 2014 kampuni ya Apple ilirekebisha kasoro ya usalama iliyotokana na mstari mmoja uliorudiwa mara mbili kwenye msimbo. Mstari huo ulifanya simu na kompyuta ziruke hatua ya kuhakikisha kwamba zinazungumza na seva ya kweli. Mstari mmoja tu! Udogo unampa mkaguzi nafasi ya kuona. Kuona kwenyewe ni kazi yake.

Na usafi si kuongeza kwa uangalifu tu, ni kuondoa pia. Mwishoni mwa Julai 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, iliweka programu mpya kwenye seva zake. Seva moja kati ya nane ikasahaulika. Programu mpya ilitumia swichi iliyowahi kuwa ya kazi nyingine ya zamani, na msimbo wa kazi hiyo ulikuwa bado uko pale, haujafutwa kwa miaka. Tarehe 1 Agosti, kwenye ile seva iliyosahaulika, swichi ikaamsha msimbo wa zamani, ukaanza kununua na kuuza ovyo. Kwa muda wa dakika kama 45, kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 400. Tangu tusome kisa hicho, kufuta msimbo usiotumika nako kuna tiketi yake kwetu.

Pia, wahandisi wetu hulalamika kwamba utaratibu huu ni wa polepole. Hawasemi uongo. Kuna kazi ambazo haziwezi kuwa ndogo, kama kuleta huduma mpya nzima. Hizo tunazikata vipande, kila kipande kiweze kusimama chenyewe bila kuvunja kilichopo, na huduma tunaiwasha mwishoni. Inachukua siku zaidi. Lakini ukilinganisha na siku tulizotumia kuifukuza ile shilingi, bado tunapata faida.

Kwa hivyo sasa una jibu la yale maswali mawili. Apdeti ndogondogo zinakuja kwa sababu tunataka kujua kila moja imefanya nini. Na shida yako ya pili haikusahaulika. Ina tiketi yake, na inangoja zamu yake.

Wewe nawe unaweza kutusaidia

Mama wa viazi alitufundisha jambo jingine. Ujumbe wake ulikuwa msafi kuliko badiliko letu. Shida moja, ushahidi, swali moja. Ukiwa na malalamiko, jaribu kufanya hivi:

- Ujumbe mmoja, shida moja. Ada iliyozidi na programu inayojifunga ni kesi mbili, na huenda zikashughulikiwa na watu wawili tofauti. Ukiziweka pamoja, moja itajibiwa na nyingine itapotea.
- Weka nambari ya muamala, tarehe na saa.
- Sema ulitarajia nini, kisha sema ulipata nini. "Ada iko juu" haitusaidii sana. "Nilitarajia 12, nimekatwa 13" inatupeleka moja kwa moja mahali penyewe.
- Kama tayari una kesi wazi, endelea nayo. Usifungue nyingine kwa jambo lile lile.
- Usitume PIN yako. Hakuna mhandisi wala mhudumu wetu anayeihitaji ili kutatua shida, na anayekuomba si wa kwetu.

Na kama wewe ni kijana unayejifunza kuandika programu, uwe chuoni au nyumbani Bahati na kompyuta ya kuazima, miradi kama OpenMRS ina tiketi zilizowekwa kwa ajili ya wanaoanza. Chagua moja, ndogo kabisa. Irekebishe hiyo tu. Ukiona nyingine kumi njiani, ziandike pembeni. Mkaguzi akikurudishia mara tatu usikasirike. Amesoma kazi yako kweli, na huo ni uungwana ambao si kila mtu anaupata.

Sisi tutaendelea kukuletea apdeti zetu ndogondogo. Na siku ukiona hata shilingi moja haikai sawa, usiseme "ah, ni shilingi tu." Tuandikie.